Selimundu nchini Sudan Kusini: kwa nini matibabu huanza na jina la ugonjwa

Kila mwaka watoto wapatao nusu milioni huzaliwa duniani wakiwa na ugonjwa wa selimundu, na zaidi ya robo tatu yao huzaliwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa jangwa la Sahara. Sudan Kusini imo ndani ya ukanda huo. Mjini Juba, mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza kufikishwa hospitalini mara tano au sita kwa homa, kwa upungufu wa damu au kwa vidole vilivyovimba, akatibiwa malaria kila mara na kurudishwa nyumbani bila mtu yeyote kuwatajia wazazi wake neno selimundu.

Kosa hilo lina gharama kubwa. Wataalamu wanakadiria kwamba, pale ambapo hakuna uchunguzi wala matunzo, kati ya nusu na tisa ya kumi ya watoto wenye selimundu barani Afrika hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Vifo hivyo huandikwa kwa majina mengine: malaria, nimonia, upungufu wa damu. Hata hivyo, dawa nyingi zinazoweza kuvizuia ni za zamani na za bei nafuu. Kinachopungua mara nyingi ni kipimo cha mapema na mhudumu wa afya aliyefundishwa kuutambua ugonjwa anapouona.

Ugonjwa wenye umbo la mundu

Jina la Kiswahili linaueleza ugonjwa huu kwa usahihi. Seli nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hugeuka na kujipinda mfano wa mundu wa kuvunia mpunga. Watu wengine huuita sikoseli.

Chanzo chake ni badiliko dogo katika jeni inayotengeneza himoglobini, yaani ile sehemu ya damu inayobeba hewa ya oksijeni. Badiliko hilo huifanya himoglobini ishikamane na kuwa kama vijiti ndani ya seli pale oksijeni inapopungua. Seli iliyojipinda huwa ngumu, hunasa katika mishipa midogo na kuizuia damu isipite. Hapo ndipo huja maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo, ambayo huweza kudumu kwa siku kadhaa. Aidha, seli za namna hii hazidumu. Seli ya kawaida huishi takribani siku 120. Ile yenye umbo la mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupungukiwa na damu daima, na macho yake huweza kuwa ya manjano.

Madhara mengine hayaonekani kwa haraka. Bandama, kiungo kinachosaidia kuchuja vijidudu katika damu, huharibika mapema katika utoto, na mtoto hubaki bila kinga ya kutosha dhidi ya bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Mishipa ya ubongo nayo huweza kuziba, na mtoto wa miaka sita au saba akapata kiharusi.

Katika miezi ya mwanzo mtoto huonekana mzima kabisa, kwa kuwa bado ana himoglobini ya kichanga, ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Himoglobini hiyo inapopungua, tangu kama mwezi wa sita hivi, dalili huanza kujitokeza. Ya kwanza mara nyingi ni kuvimba kwa viganja na nyayo, pamoja na kilio ambacho wazazi hawajui sababu yake.

Urithi usio na mkosaji mmoja

Selimundu haiambukizwi kwa kula pamoja, kwa kugusana wala kwa kuumwa na mbu. Ni ugonjwa wa kurithi, na ili mtoto aupate kwa umbo lake zito zaidi ni lazima apokee jeni ya selimundu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Mtu aliyeipokea kutoka kwa mzazi mmoja tu huitwa mbebaji. Kwa kawaida mbebaji huishi maisha ya afya bila kujua kwamba anayo.

Wabebaji wawili wanapooana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa, nafasi mbili kati ya nne za kuleta mtoto mbebaji, na nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Hesabu hiyo hurudi upya kwa kila mimba. Kuzaliwa kwa mtoto mmoja mgonjwa hakuwakingi wanaomfuata, na kuzaliwa kwa watatu wazima hakumaanishi kwamba wa nne lazima augue.

Jambo hili ni muhimu katika jamii ambazo lawama ya mtoto anayeugua daima humwangukia mama. Sayansi haiungi mkono lawama hiyo. Pale ambapo mtoto ana jeni mbili za selimundu, moja imetoka kwa baba, naye hakuijua kama vile mama asivyoijua ya kwake.

Malaria na jeni iliyobaki

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jeni yenye madhara makubwa hivi haikutoweka. Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini Kenya na Uganda, na mwaka 1954 akachapisha hoja kwamba wabebaji wa jeni ya selimundu wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Katika maeneo yenye mbu wengi, mtoto mbebaji alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi hadi utu uzima na kuzaa, na hivyo jeni ikaendelea kurithiwa.

Kinga hiyo ni ya mbebaji. Mtoto mwenye selimundu yenyewe hana nafuu hiyo; malaria kwake ni hatari kubwa, kwa kuwa humpunguzia damu ambayo tayari ni chache. Katika nchi kama Sudan Kusini, ambako malaria ni miongoni mwa sababu kuu za maradhi na vifo, magonjwa haya mawili hukutana ndani ya mwili wa mtoto mmoja. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, mhudumu huridhika kwamba amepata jibu, na huenda asitafute tena.

Damu iliyosaidia sayansi

Selimundu iliingia katika maandishi ya kitabibu mwaka 1910, pale James Herrick wa Chicago alipoeleza seli za ajabu alizoziona katika damu ya mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1926 R. G. Archibald aliripoti mgonjwa kutoka Sudan. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa inatofautiana na ya watu wengine, na tangu hapo selimundu ikaitwa ugonjwa wa kwanza kueleweka hadi kwenye molekuli yake.

Watu wa eneo ambalo leo ni Sudan Kusini walikuwa sehemu ya safari hiyo. Mwaka 1954 Henry Foy na wenzake, waliokuwa na maabara yao Nairobi, walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza utafiti uliolinganisha viwango vya selimundu katika makabila ya Kenya na ya kusini mwa Sudan, wakaonyesha kwamba viwango hivyo hutofautiana sana kutoka jamii moja hadi nyingine. Mwaka uliofuata Roberts na Lehmann walichapisha matokeo yao ya kutafuta himoglobini zisizo za kawaida miongoni mwa watu wa kusini mwa Sudan.

Tafiti hizo zilijibu maswali ya watafiti kuhusu asili na mtawanyiko wa jeni. Hazikuundwa kumtibu mtoto aliye kitandani. Baadaye vita viliziba njia. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975, kilihamishiwa Khartoum mwaka 1989, pamoja na kitivo chake cha tiba, na kikaendelea huko kwa miaka mingi. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Julai 2011 kilikuwa kikirejea nyumbani, lakini mapigano yaliyozuka Juba Desemba 2013 na tena Julai 2016 yalivuruga upya masomo na huduma za afya.

Kipimo kinachofaa na kisichofaa

Katika maabara nyingi za kanda hii, kipimo kilichozoeleka ni cha kuchanganya tone la damu na kemikali inayoondoa oksijeni, kisha kutazama kwa hadubini kama seli zinajipinda. Ni kipimo rahisi, lakini kina kasoro mbili. Kwanza, hakitofautishi mgonjwa na mbebaji, kwa kuwa seli za wote wawili hujipinda. Pili, kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kutoa jibu la uongo kwamba hana ugonjwa, kutokana na ile himoglobini ya kichanga. Mzazi aliyepewa jibu la namna hiyo anahitaji kuuliza kama kipimo cha kuthibitisha kimefanyika.

Kipimo cha kuthibitisha hutenganisha aina za himoglobini kwa nguvu ya umeme. Kinahitaji mashine, kemikali, fundi aliyefunzwa na umeme wa uhakika, na vitu hivyo ni adimu katika mji ambao sehemu kubwa yake huendeshwa kwa jenereta. Ndiyo maana vipimo vipya vya haraka vimeleta matumaini. Hufanana na kile cha malaria: tone moja la damu kutoka kidoleni au kisiginoni, kijikaratasi, na jibu ndani ya dakika chache. Huweza kumtambua mgonjwa na mbebaji hata katika siku za kwanza za maisha, bila umeme wala jokofu kubwa.

Anayefundishwa ni nani?

Mafunzo ya selimundu hayawezi kuishia kwa madaktari bingwa, kwa sababu nchini Sudan Kusini watoto wengi huonwa kwanza na afisa tabibu, muuguzi au mkunga. Chuo cha Maridi, kilichoanzishwa mwaka 1998 kwa msaada wa shirika la Amref, kiliwafunza maafisa tabibu wakati vita vingali vikiendelea. Chuo cha Uuguzi na Ukunga cha Juba kilifunguliwa mwaka 2010. Wahitimu wa vyuo vya namna hii ndio wanaokaa katika vituo ambavyo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kuvifikia kwa miguu.

Wanachopaswa kukijua si kingi. Mtoto anayerudi kwa upungufu wa damu mara kwa mara, mwenye vidole vilivyovimba, macho ya manjano au ndugu waliofariki wakiwa wadogo, apimwe selimundu hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea. Homa kwa mtoto mwenye selimundu ni dharura, na apewe dawa ya kuua bakteria bila kungoja kesho. Maumivu yake ni ya kweli na yatibiwe kwa dawa za nguvu inayostahili. Mgonjwa anayelia kwa uchungu hafanyi deko. Damu ya kuongezewa hutolewa kwa sababu maalumu, baada ya kupimwa, na si kila mara himoglobini inapoonekana ndogo, kwa maana wagonjwa hawa huishi na kiwango cha chini siku zote.

Mafunzo haya huhitaji wagonjwa wa kweli na kliniki yenye siku yake. Pale ambapo watoto wenye selimundu hukusanywa katika kliniki moja kila wiki, mwanafunzi wa tiba hujifunza kwa muda mfupi kile ambacho kitabu kingemfundisha kwa shida. Hospitali ya Kufundishia ya Juba na Hospitali ya Watoto ya Al Sabah ndiyo mahali ambapo mafunzo ya namna hiyo yana nafasi ya asili, kwa kuwa watoto wagonjwa kutoka mjini na majimboni hupelekwa huko.

Matibabu yaliyo karibu

Mwaka 1986 utafiti uliofanyika Marekani ulionyesha kwamba penisilini ya kumeza, inayotolewa mara mbili kwa siku kwa watoto wadogo wenye selimundu, hupunguza maambukizo hatari ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84. Hiyo ni dawa kongwe. Ikiongezwa asidi ya foliki, chandarua chenye dawa, kinga ya malaria, chanjo zote za utotoni na maji ya kunywa ya kutosha, mtoto hupata msingi wa kuishi. Julai 2024 Sudan Kusini ilianza kutoa chanjo ya malaria aina ya R21 kwa watoto wadogo, hatua inayowahusu kwa namna ya pekee wale wenye selimundu.

Mama naye ana kazi inayookoa maisha. Wahudumu humfundisha kugusa upande wa kushoto wa tumbo la mtoto, chini ya mbavu, ili ajue ukubwa wa bandama. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka na kulegea, damu imejikusanya humo, naye anatakiwa kukimbizwa hospitalini saa hiyo hiyo.

Dawa iliyobadilisha mambo zaidi ni haidroksiyurea, kidonge kinachomezwa mara moja kwa siku. Huuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya kichanga, ambayo huzuia seli kujipinda. Kwa muda mrefu madaktari walisita kuitumia Afrika. Ilianza kama dawa ya saratani, na palikuwa na hofu kwamba ingezidisha malaria.

Hofu hiyo ilipimwa papa hapa Afrika Mashariki na Kati. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto zaidi ya 200 waligawanywa katika makundi mawili, moja likapewa haidroksiyurea na jingine kidonge kisicho na dawa; matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba dawa haikuongeza malaria. Kisha, Januari 2019, yalichapishwa matokeo ya watoto wapatao 600 waliotibiwa Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda. Maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu. Malaria ilipungua kwa nusu hivi. Haja ya kuongezewa damu ilishuka kwa theluthi mbili, na vifo vilipungua kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Haidroksiyurea imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo inahitaji daktari wa kupanga kipimo na kupima damu mara kwa mara. Haifai kununuliwa na kutumwa kwa jamaa bila usimamizi huo.

Jirani aliyechora ramani

Uganda inatoa somo jingine. Watafiti wa huko hawakungoja fedha za kujenga mtandao mpya. Walitumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambayo tayari yalikuwa yamekusanywa nchi nzima kwa ajili ya kuwapima watoto wachanga virusi vya Ukimwi. Sampuli 97,631 zilipimwa tena kwa selimundu katika maabara kuu mjini Kampala. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto walikuwa wabebaji na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa. Viwango vilikuwa vya chini kusini magharibi na vya juu katika maeneo kadhaa ya kaskazini na mashariki. Serikali ikajua ianzie wapi kuwapima watoto wachanga.

Mpaka hauikati damu. Waacholi wanaishi upande wa Gulu na upande wa Magwi, na barabara ya kutoka Juba hadi Nimule ina urefu wa kilomita 192 tu. Kwa upande wa kaskazini, Kordofan na Darfur ni maeneo ambamo selimundu imejulikana kwa miongo mingi, na vita vilivyoanza Khartoum Aprili 2023 vimewasukuma mamia ya maelfu ya watu kuvuka kuingia Sudan Kusini kupitia Renk. Nchi hiyo bado haina ramani ya selimundu kama ile ya Uganda. Lakini damu za watoto wachanga hukusanywa kwa ajili ya kupima Ukimwi huko pia, na tangu mwaka 2016 Juba ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na nchi ambazo zimekwisha kuifanya kazi hii. Tanzania, kwa mfano, imekuwa ikiwafuatilia maelfu ya wagonjwa katika Hospitali ya Muhimbili tangu mwaka 2004, chini ya programu iliyoongozwa na Profesa Julie Makani.

Tiba mpya na umbali wake

Upandikizaji wa uboho kutoka kwa ndugu anayelingana huweza kuuponya ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha pia tiba inayohariri jeni ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe. Bei yake nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na huhitaji wiki nyingi hospitalini pamoja na dawa kali za saratani. Kwa mtoto wa Juba, penisilini ya leo ina uzito kuliko tiba hiyo ya mbali.

Kwa familia zilizo ughaibuni

Watu wengi wanaozungumza Kiswahili walipitia Kakuma, Nairobi au makambi ya Uganda kabla ya kuhamia nchi nyingine. England na majimbo yote ya Marekani huwapima watoto wachanga selimundu, lakini mtu aliyezaliwa kwingine huenda hajawahi kupimwa hata mara moja. Wanaopanga kuoana au kupata mtoto wanaweza kumwomba daktari wa familia kipimo cha aina za himoglobini, na kupewa ushauri kwa faragha. Matokeo ya ubebaji hayamkatazi mtu kuoa au kuolewa. Humpa nafasi ya kujiandaa.

Mchango mwingine ni damu. Wagonjwa wanaoongezewa damu mara nyingi huhitaji ile inayolingana nao kwa undani kuliko makundi ya kawaida, na mara nyingi hulingana zaidi na damu ya watu wenye asili ya Afrika. Katika nchi kadhaa wachangiaji wa asili hiyo ni wachache kuliko mahitaji.

Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 19 Juni kila mwaka kuwa siku ya kuhamasisha kuhusu selimundu, kwa azimio la Desemba 2008. Kwa mzazi wa Juba au wa mji wowote ule, swali la kumuuliza mhudumu wa afya ni moja, nalo halihitaji kungojea siku hiyo: je, mtoto huyu amepimwa selimundu?